Umeokota malkia wa sisimizi? Namna ya kumjua ni wa aina gani, hatua kwa hatua

Mvua kubwa ikishapiga alafu jua likatoka, au jioni yake ikawa ya joto joto bila upepo, ndo siku wanaruka. Utawaona wanazunguka taa ya baraza, wengine wanatembea peke yao barabarani wanatafuta pa kuchimba, mabawa washayakata. Mtu anamuokota mmoja, anamtia kwenye kichupa, na swali la kwanza kabisa ni huyu anaitwaje. Hapo hapo ndo watu wanapotea, sababu wanataka jina la mwisho kabla hata hawajahakikisha kama huyo mdudu ni sisimizi.

Mimi msimamo wangu ni huu: jina linapatikana kwa kushuka ngazi moja moja. Kwanza ni sisimizi kweli? Alafu ni malkia kweli? Alafu yuko familia ndogo ipi, jenasi ipi, spishi ndo mwisho (familia ndogo ni kundi kubwa lenye jenasi nyingi, jenasi ina spishi ndani yake, na spishi ndo aina yenyewe; kwenye jina la maneno mawili la kwanza ni la jenasi). Ukiishia kwenye jenasi kwa uhakika umefanya kazi kubwa kuliko yule aliyebandika jina la spishi kwa kuangalia rangi tu. Na huku kwetu Afrika Mashariki hilo ni muhimu zaidi sababu funguo nyingi za kitaalamu, yani yale maswali ya hatua kwa hatua ya kukufikisha kwenye jina, zimeandikwa kwa kuangalia wafanyakazi, malkia wa spishi nyingi hajawahi kuelezwa vizuri mahali popote, kwaiyo usijisikie vibaya ukikwama kwenye jenasi, hata wataalamu wanakwama hapo hapo.

Kabla hujamgusa

Hili naliweka mwanzo makusudi. Kenya, mwezi Aprili 2025, watu walikamatwa na malkia kama 5,000 wa sisimizi wavuna mbegu, Messor cephalotes, wakiwa wamewapanga kwenye vichupa vyenye pamba. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ikawahukumu washtakiwa wanne, kila mmoja faini ya shilingi milioni moja ya Kenya au miezi 12 jela. Sisimizi ni wanyamapori kama tembo alivyo mnyamapori mbele ya sheria ile ya Kenya ya 2013, na kumkusanya, kumfuga au kumsafirisha kunataka kibali. Tanzania nako utafiti na ukusanyaji una vibali vyake. Kwaiyo mwongozo huu nauandika kwa mtu anayetaka kumjua mdudu aliyemkuta: unampiga picha, unampima, unaandika, unamwachia pale pale ulipomtoa. Kwa asilimia kubwa ya kazi hii huhitaji kumbeba kwenda nyumbani kabisa. Anayetaka kumfuga aende kwanza kwa mamlaka za nchi yake, asianze na kichupa.

Alafu kuna jambo la roho kidogo. Malkia mmoja aliyeshapandwa ni kundi zima la miaka ijayo. Akifa mfukoni mwako kwa joto umeua maelfu ambao hawajazaliwa. Fanya haraka, mweke kivulini, mwache aende.

Hatua ya 1: Andika mahali na saa kabla ya kitu kingine

Watu wanaruka hatua hii, wanarukia picha. Lakini mahali ndo kinachopunguza majina kuliko kitu chochote. Andika sehemu yenyewe (simu inakupa namba za ramani, zichukue), mwinuko kama unaujua, tarehe, saa, hali ya hewa ya siku hiyo na ya jana yake, na alikua wapi hasa: kwenye taa, kwenye udongo wazi, chini ya jiwe, ndani ya mwiba wa mgunga, kwenye jani la mwembe, kwenye kichuguu. Andika pia alikua anafanya nini. Anachimba? Anakimbia tu? Bado ana mabawa? Ana kitu mdomoni?

Mfano rahisi. Ukimkuta malkia Iringa na mtu akakwambia ni Lasius niger, unajua papo hapo amekosea, sababu Lasius ni wa Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini na huko pembezoni mwa Mediterania, huku kusini mwa Sahara hayupo. Wale wakata majani maarufu, Atta, wako mabara ya Amerika tu. Mahali peke yake pameshakufutia mamia ya majina bila hata kumwangalia mdudu.

Hatua ya 2: Hakikisha ni sisimizi

Wa kwanza kuchanganya watu ni kumbikumbi, na ni kosa la kawaida sana sababu wanaruka msimu ule ule, wakati mwingine jioni ile ile. Kumbikumbi ni mchwa mwenye mabawa, hana undugu wa karibu na sisimizi kabisa. Angalia vitu vitatu. Papasi zake, vile vipembe viwili vya kichwani, zimenyooka, zina pingili za duara zilizofuatana kama shanga, wakati papasi za malkia wa sisimizi zina kiwiko, yani kipande cha kwanza ni kirefu alafu zinakunja. Kumbikumbi hana kiuno, kifua na tumbo vimeungana vinene, ila sisimizi ana kiuno chembamba chenye kinundu. Na mabawa manne ya kumbikumbi yanalingana urefu, ya sisimizi yale ya mbele ni makubwa kuliko ya nyuma.

Wa pili ni yule mdudu mwenye manyoya manyoya, mwekundu kifuani, mweusi tumboni na madoa meupe, anakimbia peke yake mchana kweupe kwenye udongo. Huyo ni jike la nyigu asiye na mabawa, na anachoma vibaya, usimshike kwa vidole. Ukimwangalia vizuri hana kile kinundu cha kiuno kinachosimama.

Wa tatu ni buibui wanaojifanya sisimizi. Hesabu miguu. Ikiwa minane, basi.

Hatua ya 3: Hakikisha ni malkia

Sasa ni sisimizi sawa, ila anaweza kuwa dume au mfanyakazi mkubwa tu. Dume ana kichwa kidogo, macho makubwa sana ukilinganisha na kichwa chenyewe, mwili mwembamba, na papasi zake mara nyingi hazina kiwiko cha maana sababu kile kipande cha kwanza ni kifupi. Akishamaliza kazi yake anakufa, kwaiyo madume mengi utayakuta yamelala chini ya taa asubuhi.

Kwa huku kwetu dume linalosumbua kuliko yote ni la siafu. Ni likubwa, la kahawia, tumbo refu la mviringo, linakuja kwenye taa usiku kwa fujo, na watu wengi wanadhani ni malkia au ni nyigu wa ajabu. Malkia wa siafu, Dorylus, hana mabawa maisha yake yote, hata siku moja haruki. Kundi likikua linagawanyika, malkia anatembea kwa miguu akiwa amezungukwa na wafanyakazi. Kwaiyo kitu chochote kilichoruka kikaja kwenye taa yako sio malkia wa siafu, hata kama ni kikubwa namna gani. Malkia mwenyewe ni mnene, kipofu, anapita sentimita 4, na kumuona lazima uwe katikati ya siafu wenyewe, mahali ambapo hutaki kuwa.

Malkia wa kawaida utamjua kwa kifua. Hapo ndo siri ilipo, sio tumboni. Kifua chake kimenenepa, kina mgongo, kimegawanyika vipande vipande juu, sababu ndani kulikua na misuli ya kurukia. Ukimwangalia kwa ubavuni, ukiona kuna vidoa au vikovu pale mabawa yalipokua, huyo ni malkia aliyeyakata mwenyewe. Juu ya kichwa, katikati, mara nyingi kuna vijicho vidogo vitatu. Mfanyakazi mkubwa wa Camponotus (jenasi moja yenye spishi nyingi sana) anaweza kuwa na kichwa kikubwa kumpita malkia wake, watu wanadanganyika, lakini kifua chake ni chembamba na laini kwa mstari mmoja, hakuna makovu.

Angalizo: kuna spishi ambazo malkia wake hajawahi kuwa na mabawa na anafanana na mfanyakazi. Wale weusi wanaotembea kwa misafara kwenda kuvamia mchwa, ukiwagusa wanatoa sauti ya kukwaruza, Megaponera analis, malkia wao yuko hivo. Huyo hutamkuta anazurura peke yake baada ya mvua.

Hatua ya 4: Picha tatu na kipimo kimoja

Picha moja ya juu juu haitoshi. Zinatakiwa tatu: kichwa kwa mbele kabisa kama picha ya pasipoti, mwili mzima kwa ubavu, na mwili mzima kutoka juu. Hizo ndo pande ambazo hata makumbusho yanapigia vielelezo vyao, kwaiyo ukija kulinganisha utalinganisha kitu na kitu. Kama simu yako haina makro, yani kamera ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, zile lensi ndogo za kubana kwenye kamera zinazouzwa maduka ya simu zinafanya kazi nzuri tu. Mwanga wa kivuli cheupe ni bora kuliko jua kali, jua linang'arisha mgongo na vinywele vyote vinapotea.

Akiwa anakimbia sana mfunike na kifuniko cha uwazi atulie. Wengine wanamweka kwenye friji (ya kawaida, sio friza) dakika chache ili apunguze kasi, inasaidia, ila ukimsahau humo umemuua.

Kipimo: weka rula chini yake au pembeni kwa usawa ule ule wa mwili, sio juu wala nyuma. Pima kutoka ncha ya taya mpaka ncha ya tumbo. Lakini ujue tumbo linavimba na kusinyaa kutokana na mayai na chakula, malkia yule yule leo anaweza kuwa mrefu kuliko wiki ijayo, kwaiyo kama unaweza pima na upana wa kichwa, huo haubadiliki. Ukiniletea milimita za upana wa kichwa nakuheshimu.

Hatua ya 5: Kiuno

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, kwasababu kiuno kinakupa familia ndogo karibu yote. Angalia kwa ubavu, hesabu vinundu kati ya kifua na tumbo.

Vinundu viwili: karibu kila mara ni Myrmicinae, lile kundi kubwa lenye wavuna mbegu, Pheidole, Crematogaster, Carebara, Tetramorium na wengine wengi. Isipokuwa akiwa mrefu mwembamba mwenye macho makubwa ya kukaa kwenye mti, fikiria Tetraponera, huyo ni familia ndogo nyingine.

Kinundu kimoja: sasa angalia tumbo. Kama baada ya pingili ya kwanza ya tumbo kuna mbano, yani tumbo linabonyea kidogo kabla ya kuendelea, na mwili ni mgumu mrefu, na nyuma kuna mwiba, huyo ni Ponerinae. Hawa wanachoma, na maumivu yake utayakumbuka. Kama tumbo ni laini halina mbano, angalia ncha kabisa ya nyuma: kitundu cha duara kilichozungukwa na vinywele ni Formicinae, hawa hawana mwiba, wanarusha asidi. Kama badala ya kitundu cha duara kuna mpasuko tu, na ukimbana kidogo kunatoka harufu kali, elekea Dolichoderinae.

Alafu kuna Crematogaster ambaye anajitambulisha mwenyewe. Kinundu cha pili kimeshikana na tumbo kwa juu, sio kwa mbele kama wengine, na tumbo ukilitazama kutoka juu lina umbo la kopa. Ndo maana anaweza kulikunja likapita juu ya mgongo mpaka kichwani akikasirika. Ukiona hivo huna haja ya kuhesabu kitu kingine, jenasi umeshaipata.

Hatua ya 6: Papasi, kichwa, taya

Hesabu pingili za papasi kuanzia kile kipande kirefu cha kwanza. Ni kazi ya macho, kuza picha taratibu. Camponotus ana 12. Messor ana 12. Pheidole ana 12 na tatu za mwisho zimenenepa zikawa rungu. Myrmicaria ana 7 tu, kwaiyo ukihesabu 7 kwa mdudu mwenye vinundu viwili na tumbo linaloning'inia chini umemaliza.

Zinapoanzia papasi nako angalia. Kwa Camponotus zinaanzia mbali kidogo na ukingo wa lile bamba la juu ya mdomo, sio juu yake hasa. Hiki kitu kinatenganisha Camponotus na Formicinae wengine wengi, na watu hawakiangalii kabisa. Polyrhachis nae yuko hivo hivo, ila yeye ana miba kwenye kifua au kwenye kinundu au kote kote, humkosi.

Taya: pana na nene ni mvunja mbegu au mkata vitu. Ndefu zilizonyooka zimeanzia katikati ya kichwa na zinafunguka nyuzi 180 ni Odontomachus, yule anayefyatua.

Rangi nimeiacha mpaka hapa makusudi. Rangi iandike, ila usianze nayo. Malkia mchanga aliyetoka juzi kwenye kifuko chake anakua mpauko, anaiva baadae. Spishi moja inaweza kuwa nyekundu sehemu hii na karibu nyeusi sehemu nyingine. Na majina ya mtaani hayasaidii hapa, sungusungu kwa mtu wa kijiji hiki ni mdudu mmoja na kwa mtu wa mkoa wa pili ni mwingine kabisa.

Hatua ya 7: Muulize mti, uliza udongo

Hii napenda kuliko zote sababu inakufanya ujue nchi yako.

Chukua ile migunga midogo ya mbuga zenye udongo mweusi, yenye miba iliyovimba ambayo upepo ukipita inapiga mluzi. Laikipia kule Kenya wamechunguzwa miaka mingi sana na kwenye miti hiyo kuna sisimizi wanne wanaogombania: Crematogaster mimosae, Crematogaster nigriceps, Crematogaster sjostedti na Tetraponera penzigi. Malkia mchanga ukimkuta amejifungia ndani ya mwiba uliovimba, orodha yako sio ya mamia tena, ni ya hao wachache. Mwembamba mrefu mweusi, kiuno cha vinundu viwili vya kawaida, ni Tetraponera. Tumbo la kopa, ni mmoja wa hao watatu. Sasa angalia wafanyakazi wa miti ya jirani: mwenye kichwa cheusi na kifua chekundu ni nigriceps, mweusi mwili mzima ni sjostedti. Na mti wenyewe unaongea. Nigriceps anakata machipukizi ya mti mpaka unaonekana umepogolewa na hautoi maua. Penzigi anaharibu vile vitezi vya asali kwenye majani. Sjostedti anapenda zaidi kukaa kwenye matundu ya shina yaliyochimbwa na mabuu ya mbawakawa kuliko kwenye miba. Unaweza kukaribia jina bila kumtoa malkia ndani ya mwiba wake.

Pwani je? Pale Mtwara, Lindi, Tanga, Unguja, kwenye mikorosho na miembe na minazi, wale wekundu wanaoshona majani, maji moto. Hawa ni zawadi kwa anayejifunza, sababu jenasi yao Oecophylla ina spishi mbili tu zilizo hai duniani na Afrika yupo mmoja, Oecophylla longinoda. Kwaiyo ukishajua jenasi umejua spishi. Malkia mchanga utamkuta kwenye jani lililojikunja, peke yake na mayai yake. Kama uko kwenye shamba la korosho mwache, tena mwachie kwa heshima, hawa wanawalinda wakulima dhidi ya mbu wa mikorosho (sio mbu wa kuuma watu, ni mdudu anayefyonza mkorosho), na watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, wamewafanyia kazi kwa ajili hiyo hiyo.

Yule mweusi mkubwa anayenuka vibaya ukimshika, anawinda mwenyewe chini ya majani makavu, Paltothyreus tarsatus, nae jenasi yake ina spishi moja. Wachache wa namna hii ndo wanakupa moyo.

Hatua ya 8: Tafuta wafanyakazi wake

Kwa sehemu kubwa, spishi haitathibitika bila wafanyakazi. Nimeshasema funguo zimeandikwa kwa ajili yao. Kama umemkuta malkia anatoka kwenye shimo lenye wenzie, una bahati kubwa, piga picha wafanyakazi wakubwa na wadogo wa shimo lile. Kama umemkuta anazurura, zunguka eneo utafute kundi lililokomaa lenye umbo linalofanana, ila andika kabisa kwamba ni kundi la jirani, sio la kwake, sababu malkia anaweza kuwa ametoka mbali na upepo.

Mwenye kibali na anayemlea kihalali ana njia nyingine: vizazi vya kwanza. Angalia mabuu yakishageuka. Kama yamejifunga kwenye vifuko vya hariri, vile ambavyo watu wanadhani ni mayai makubwa, huyo mara nyingi ni Formicinae au Ponerinae. Kama yako uchi unaona mpaka miguu imekunjwa, Myrmicinae. Maji moto ni Formicinae lakini mabuu yake yako uchi, sababu hariri yote inatumika kushonea nyumba. Na malkia anayetoka kuwinda kabla ya wafanyakazi kuzaliwa anaelekea Ponerinae, ila anayejifungia asile kitu mpaka wa kwanza watoke ni tabia ya Camponotus, Messor, Pheidole na wengi wengine. Wafanyakazi wa mwanzo kabisa ni vidogo kuliko kawaida, usiwatumie kupima.

Hatua ya 9: Sasa linganisha

Ukiwa na mahali, kiuno, papasi, kipimo na picha tatu, nenda kwenye tovuti ya AntWeb ya California Academy of Sciences, ina picha za vielelezo vya makumbusho kwa pande zile zile tatu. AntWiki ina funguo za jenasi na maelezo. AntMaps inakuonyesha spishi gani zimeshaandikwa nchi gani, anzia hapo kwa orodha ya nchi yako. Kwa Kenya kuna orodha nzima ya sisimizi wa nchi iliyochapishwa 2013, na msitu wa Kakamega ni kati ya sehemu zilizofanyiwa kazi vizuri zaidi.

iNaturalist, mtandao wa watu kuweka picha za viumbe walivyoviona, ni nzuri kwa kutunza rekodi, ila pendekezo la kwanza la mashine yake usilimeze. Imefundishwa kwa picha, na picha nyingi ni za Ulaya na Marekani, kwaiyo inapenda kukupa jina la huko. Ukikuta imekupa Messor barbarus na wewe uko Nakuru, chukua Messor, acha barbarus, huyo ni wa upande wa Mediterania.

Mifano miwili mpaka mwisho

Malkia mkubwa mwekundu-mweusi, milimita 20 hadi 25, kwenye nyasi za Gilgil asubuhi baada ya mvua, anachimba. Vinundu viwili, kwaiyo Myrmicinae. Wakubwa hivo wa vinundu viwili wanaokuja akilini haraka ni Messor na Carebara. Carebara vidua, yule anayeliwa maeneo ya Ziwa Victoria, ana mwili mkubwa mno na kichwa kidogo ukilinganisha na kifua, na pingili zake za papasi hazifiki 12. Huyu wetu kichwa ni kipana, taya nene, pingili 12. Messor. Alafu pembeni kuna njia zilizosafishwa na maganda ya mbegu yametupwa nje ya mashimo, wafanyakazi wakubwa wekundu wanabeba mbegu za nyasi. Ukubwa ule, rangi ile, mahali pale: Messor cephalotes, na ukiandika "inaelekea" mbele yake bado uko sahihi kabisa mpaka mtu aone wafanyakazi kwa hadubini.

Wa pili, kwenye taa ya baraza Morogoro usiku. Rangi ya kahawia na manjano, tumbo lina mistari myeusi, kinundu kimoja kimesimama, hakuna mbano, nyuma kitundu chenye vinywele, pingili 12, papasi zimeanzia mbali na bamba la mdomo. Camponotus bila ubishi. Watu hapo wanaandika Camponotus maculatus wanafunga. Tatizo ni kwamba jina hilo limebeba wadudu wengi wanaofanana, na Camponotus wenyewe wana spishi zaidi ya 1,000 duniani. Andika "kundi la Camponotus maculatus", simama.

Kumrudisha

Mrudishe hatua chache kutoka ulipomtoa, sio kwenye bustani yako ya mkoa mwingine, sio kwa rafiki. Sisimizi akihamishwa anaweza kuvuruga vitu ambavyo hata huvifikirii. Kule kule Laikipia amevamia Pheidole megacephala, mdogo tu, anawamaliza wale walinzi wa migunga, tembo wanaivunja miti sababu haina ulinzi tena, uwanja unakua wazi, simba wanakosa pa kujificha, na utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha punda milia wanaouawa wamepungua na simba wamehamia kwa nyati. Hayo yote yameanzia kwa sisimizi wa milimita chache kukaa mahali ambapo sio pake.

Alafu rekodi yako iandike hivi, kwa mpangilio huu, na uiambatanishe na picha unapoipeleka kwa mtaalamu au makumbusho ya taifa:

Morogoro mjini, namba za ramani, mwinuko mita 500 hivi. Tarehe, saa 2 usiku, mvua ilinyesha mchana, hakuna upepo. Kwenye taa ya baraza, mabawa bado anayo. Malkia, milimita 15, upana wa kichwa umepimwa kwenye picha. Kinundu 1, tumbo halina mbano, kitundu cha duara, papasi pingili 12. Rangi kahawia na manjano, mistari tumboni. Wafanyakazi hawakuonekana. Jina: Camponotus, kundi la maculatus. Amepigwa picha, ameachiwa hapo hapo.